Pindo la Upande wa Kushoto

Jumapili, 4 Oktoba 1987. Nyabiyonza

Baba amenileta leo kwa baiskeli na amerudi Bugene bila kula, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshajikusanya. Naandika katika daftari langu la Sayansi. Tulipomaliza darasa la saba mwezi uliopita lilikuwa bado na kurasa nyingi, na hapa sioni mtu wa kuzungumza naye.

Nyumbani nalala na wadogo zangu watatu kitanda kimoja, na siku zote nilitamani kulala peke yangu. Leo nimepewa kitanda kizima. Sijui miguu niiweke wapi.

Shangazi Kokuberwa ni dada mkubwa wa Baba. Mume wake alikufa mwaka wa vita na hawakujaliwa mtoto. Anakaa peke yake katikati ya kibanja chake cha migomba na kahawa. Mguu wa kulia unamuuma tangu miaka mitatu iliyopita, na sasa hawezi kushuka bondeni kwenye chemchemi. Nitakuwa naye msimu huu wa mvua mpaka maharage yavunwe. Mama atajifungua Januari, hapo nitahitajika nyumbani. Nikiondoka, kama Shangazi bado hawezi kujitekea maji, atahamia kwetu, na kibanja kitarudi kwa shemeji yake, Rwegoshora, kaka wa marehemu mume wake.

Baba alisema hayo uani, mbele yake, kwa upole. Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. Alisema tu, "Yustus, mimi sihami. Nitazikwa hapa alipo mume wangu."

Kisha akaniambia nikachote maji.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mvua. Shangazi amesema maneno machache sana tangu asubuhi, na yote yalihusu kuni.

Ijumaa, 9 Oktoba

Kila asubuhi napiga magoti kumwamkia. Ananiitikia marahaba huku anatazama mlangoni, kama mtu anayesubiri nimalize. Halafu anashika fimbo kwa mkono wa kulia, upande unaouma, anauegemeza mwili wote hapo na kwenda jikoni akiyumba kama mtu aliyebeba debe kwa mkono mmoja. Juu ya goti ana chale nyingi. Amechanjwa na waganga tofauti, nyingine zimepauka, nyingine bado nyeusi.

Nilimuuliza kama nimkande goti kwa maji ya moto. Akasema goti limekandwa na watu wenye mikono mizuri kuliko yangu.

Jumapili, 11 Oktoba

Jana nilifua nguo zetu zote. Nilipoanika magauni ya Shangazi niliona gauni la bluu limepinda. Upande wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Nikadhani fundi alimwibia kitambaa. Nikaanika la kijani, nalo vilevile. La maua vilevile. Yote. Pindo la kushoto limekunjwa nene na kushonwa kwa mkono, mshono mdogo mzuri sana.

Leo gauni langu lilikuwa bado bichi, basi Shangazi akaniambia nivae lake la bluu kwenda kigangoni. Yeye haendi tena, ni mbali. Wakati wa nyimbo wasichana wawili wa nyuma yangu walicheka. Mmoja alisema gauni langu linachechemea. Sikugeuka. Nilishika upande wa kushoto na kuuvuta chini mpaka ibada ikaisha, na sikumsalimia mtu nilipotoka.

Lakini njiani niliwaza. Juu ya mwili wa Shangazi magauni hayo hukaa sawa kabisa. Juu yangu yanapinda. Basi aliyepinda si gauni.

Jumamosi, 17 Oktoba

Leo nimepata mtu wa kuzungumza naye na nimempoteza siku hiyohiyo.

Nilimkuta chemchemini, mama mwembamba mwenye kanga ya njano. Akaniuliza kama mimi ndiye binti Yustus wa Bugene, na Shangazi ameamkaje. Aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua jibu. Aliniambia nisijaze ndoo mpaka juu kwa sababu njia inateleza, kisha akaniinulia kichwani. Jina lake ni Nyirabahire. Watu wao walitoka Rwanda zamani, yeye akiwa msichana kama mimi. Analima vibarua, na mume wake Sebahire anashona katambuga za matairi. Nyumba yao ni ile ya kwanza ukipanda kutoka bondeni. Nilipanda kilima karibu nikiimba.

Nilipomwambia Shangazi nani amenitwika, aliweka kisu chini. Akasema, "Mwaga."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akasema maji yaliyoguswa na yule mwanamke hayapikiwi nyumbani kwake. Nikamwaga ndoo nzima kwenye mgomba, nikarudi bondeni peke yangu kwenye mvua.

Jioni, tulipokuwa tunapukuchua mahindi, alinieleza bila kuniangalia. Yeye na Nyirabahire walikuwa kama dada. Miaka mitatu iliyopita, majira ya senene, wale panzi wa kula, walikaa humu ndani kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, wamenyoosha miguu, wanawanyonyoa senene mabawa. Mtoto wa Nyirabahire akalia nje. Nyirabahire akainuka kwa haraka, akaruka miguu ya Shangazi, akaenda zake. Kila mtu anajua kwamba ukimruka mtu miguu lazima urudi uruke tena kinyume, umfungue. Hakurudi kuruka. Kabla mvua hazijaisha mguu ukaanza.

Nilisema labda ni kwa sababu ya kuvunjika. Baba aliwahi kutuambia kwamba Shangazi alianguka kutoka kwenye mpera akiwa mdogo, akavunjika paja.

"Niliuvunja wa kushoto," alisema. "Huo hauniumi hata siku moja. Unaouma ni mzima. Sasa niambie wewe uliyesoma, mguu mzima unaumaje bila mkono wa mtu?"

Katika Sayansi tulisoma mifupa, lakini hatukufika hapo.

Jumanne, 20 Oktoba

Nimemwona Nyirabahire chemchemini. Nikajificha nyuma ya mafunjo mpaka aondoke.

Alhamisi, 29 Oktoba

Rwegoshora alikuja. Kwa desturi Shangazi angepiga magoti kumsalimia shemeji yake mkubwa, lakini alisimama tu, ameshika fimbo. Nikapiga magoti mimi, nikazidisha, kama kwamba naweza kulipia wawili. Rwegoshora alizunguka kibanja, akashika mikungu, akasema kahawa haijapogolewa. Kisha akasema, kama anatania, kwamba mwanamke asiyeweza kupiga magoti hawezi kupalilia.

Alipoondoka nilimwangalia Shangazi nikitegemea amekasirika. Alikuwa anatetemeka mdomo. Mpaka leo nilidhani hapigi magoti kwa sababu ya kiburi chake. Nimeona aibu, na sikujua jinsi ya kumwambia.

Ijumaa, 6 Novemba

Shangazi alianguka kwenye maharage. Niliporudi na maji nilimwita nyumba nzima, nikamkuta amekaa kwenye tope kati ya mistari, jembe mkononi, mvua inamnyeshea. Sijui alikaa pale muda gani. Hakuwa ameita. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele, jirani wasikie.

"Jirani gani?" alisema.

Nilimbeba nusu na kumburuta nusu. Ni mwepesi kuliko nilivyodhani.

Nimepeleka habari kwa Baba kupitia mnunuzi wa ndizi anayepita Bugene.

Alhamisi, 12 Novemba

Nitajaribu kuandika yote ya jana.

Baba alikuja akampakia Shangazi nyuma ya baiskeli mpaka barabarani, na Landrova ya misheni ikatuchukua mpaka hospitali. Baba alibaki nje na wanaume. Mimi nikaingia naye kwa bwana wa mazoezi ya viungo, anaitwa Melkiory. Ni mtu wa makamo, mpole, ana harufu ya sabuni.

Kwanza alimwambia atembee bila fimbo. Akamtazama kwa nyuma, akaweka mikono yake juu ya kiuno, huku na huku. Halafu akamlaza, akalikunja goti la kulia na kuligeuza paja polepole kuelekea ndani. Shangazi akauma kanga yake. Bwana Melkiory akamuuliza amesikia wapi. Shangazi akaonyesha goti.

"Goti sijalifanya kitu, Mama," alisema. "Nimegeuza nyonga. Nyonga ikiumwa, mara nyingi linalolalamika ni goti."

Alituonyesha picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kushoto mfupa wa paja una kichwa cha mviringo, kimekaa ndani ya kikombe, na kati yao kuna nafasi nyembamba nyeusi. Alisema hapo si patupu, ndipo palipo na gegedu, ile laini nyeupe unayoiona mwisho wa mfupa wa kuku. Upande wa kulia, sehemu ya juu, nafasi ile imekwisha. Mfupa umekalia mfupa. Akasema hiyo ni yabisi ya nyonga.

Kisha akapima miguu kwa utepe. Wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, tangu ule mvunjiko wa utotoni.

Shangazi alimwambia yale aliyoniambia mimi, kwamba wa kushoto hauumi. Bwana Melkiory hakumcheka. Alichukua beseni la chuma la dawa, akaliweka juu ya chupa mbili, ya kushoto fupi. Beseni likainama. Akasema kiuno ndicho beseni, na chupa ndiyo miguu. Upande wa kushoto umeshuka, wa kulia umepanda. Uti wa mgongo umesimama juu ya beseni, nao hautaki kuanguka, basi unajipinda kurudi ili kichwa kikae katikati. Ndiyo maana mgongo nao unachoka. Na pale kulia, kiuno kilipopanda, kikombe kimeinuka nacho, hakikifuniki tena kile kichwa cha mfupa ipasavyo. Uzito wote wa mwili unakaa kwenye ukingo mdogo, miaka arobaini na zaidi, kwenye jembe na kwenye mzigo wa kichwani. Mguu mfupi unapumzika. Ule mzima ndio uliofanya kazi mpaka ukalika.

Alisema si kila mwenye mguu mfupi hupata hivi, wengine huzeeka salama. Lakini kwa Shangazi anaona ndivyo ilivyokwenda.

Nikasema, na sijui sauti ilitoka wapi, "Magauni yake yote ni mafupi upande wa kushoto. Ameyakunja pindo ili yakae sawa."

Bwana Melkiory alitabasamu, akasema basi sindano ilishapima kabla ya utepe wake. Shangazi alinigeukia. Sitasahau yale macho. Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya mwanaume.

Bwana Melkiory alisema kilicholika hakirudi, na hatamdanganya. Lakini mzigo unaweza kupunguzwa. Kiatu cha kushoto kiinuliwe, kwanza kidole kimoja tu, maana mgongo umezoea kupinda na ukinyooshwa ghafla utalia. Avae kila mahali, hata shambani na jikoni. Fimbo ihamie mkono wa kushoto, mbali na nyonga inayouma, ndipo inapoisaidia. Alale kifudifudi kila siku kidogo ili mbele ya nyonga panyooke. Alale ubavu na kuinua mguu, auongeze nguvu. Ndoo iwe nusu.

Tulipokuwa tunatoka Shangazi alisimama mlangoni. "Kwa hiyo hakuna mtu?" aliuliza.

"Mtu gani, Mama?"

Akatoka kumfuata Baba.

Ijumaa, 13 Novemba

Hasemi nami.

Jumamosi, 14 Novemba

Hasemi. Nimeandaa nyasi safi sakafuni ili alale kifudifudi. Alizipita akaenda kulala kitandani.

Jumatatu, 16 Novemba

Leo alisema, "Chumvi." Nilifurahi mpaka nikamwaga chumvi.

Alhamisi, 19 Novemba

Senene wameshuka. Alfajiri mbuga yote ya juu ilikuwa na wanawake na watoto wameinama kwenye umande, na kila mtu alikuwa na mtu wake. Mimi nilikuwa na kibuyu changu. Senene wakiwa na baridi hawaruki, unawachuma tu kama majani, na mimi nilikuwa nachuma huku machozi yananitoka bila sababu.

Nikaona kanga ya njano karibu. Safari hii sikujificha, nilikuwa nimechoka kujificha. Nyirabahire akamimina konzi ya senene wake kwenye kibuyu changu, akaniuliza hospitali wamesema nini. Nikamweleza yote, beseni na chupa. Alinisikiliza akiwa ameinama vilevile.

Halafu akasema, "Mimi nilirudi."

Sikuelewa. Akasimama wima. Alisema siku ile mtoto alikuwa ameangukia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Alipomtoa na kumfuta, alirudi ndani makusudi ili aruke tena. Alimkuta Shangazi ameshasimama, anageuza sufuria jikoni. Utamwambiaje mtu aliyesimama kwamba akae chini umruke? Akaona haya. Akasema nitaruka kesho. Kesho yake hakukuwa na senene, kesho kutwa vilevile, na mguu ulipoanza Shangazi hakumwitikia tena.

"Miaka mitatu napita mlangoni kwake na kesho yangu," alisema.

Nikamuuliza kama mume wake anaweza kuinua katambuga ya kushoto kwa unene wa kidole kimoja. Akasema Sebahire anaujua mguu wa Kokuberwa, hahitaji kipimo.

Jumanne, 24 Novemba

Nimeleta katambuga. Sebahire ameongeza tabaka mbili za tairi chini ya ile ya kushoto, akazipunguza mbele ili asijikwae. Ni kazi nzuri. Alikataa malipo, nikamwachia mkungu wa ndizi mlangoni nikakimbia.

Shangazi alizipindua mkononi. Akauliza nani amezishona. Ningeweza kusema ni fundi wa gulioni. Nilisema Sebahire. Nikasema na lile la kurudi kuruka, na la sufuria.

Alizitupa nje, kwenye kahawa, mvuani.

Nimekaa chumbani. Nasikia anasogeza vyungu. Nyumba ni ndogo hivi na sisi wawili tumepotea ndani yake.

Ijumaa, 27 Novemba

Mvua ilikatika. Asubuhi, kwenye tope la uani, niliona alama za tairi kutoka mlangoni mpaka chooni na kurudi. Ya kushoto imezama zaidi.

Nilimwambia Shangazi kuna alama nje. Alisema labda ni baiskeli.

Nilisema baiskeli iliyoingia chooni.

Alinitazama, na kona ya mdomo wake ikasogea. Kisha akalala kifudifudi kwenye zile nyasi, mwenyewe, bila kuambiwa. Akiwa hapo, uso umegeukia ukutani, alisema, "Kweli nilisimama kugeuza sufuria. Yalikuwa maharage, yalikuwa yanaungua."

Jumamosi, 5 Desemba

Fimbo sasa iko mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza alisema mkono wa kushoto haujui kubeba mtu, na alilalamika mgongo. Sasa anafika mpaka mwisho wa kibanja. Bado anachechemea, na asubuhi za baridi bado anashika ukuta. Sitaki kuandika kwamba amepona, kwa sababu hajapona.

Leo alijaribu gauni la kijani, ili alivae kesho kwenda kigangoni. Akasimama mlangoni, akajitazama. Gauni limepinda. Upande wa kushoto umepanda juu, kwa sababu kiuno kimeinuliwa na pindo liko palepale. Yote yatakuwa hivyo.

Nikangoja akasirike. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka, ni sauti nene kama ya Baba. Alisema, "Miaka yote nimeshona uongo, leo kiatu kimenisema."

Tulikaa kibarazani tukafumua. Alinieleza kwamba alianza kukunja pindo akiwa msichana, kabla ya kuolewa, ili mama mkwe asione. Mume wake hakuwahi kujua. "Au alijua akanyamaza," alisema. "Alikuwa mtu wa hivyo." Nilimwomba msamaha kwa yale ya hospitali. Akanipa sindano nimtungie uzi, macho yake hayaoni tundu.

Jumamosi, 12 Desemba

Majina ya kidato cha kwanza yametoka. Langu halimo. Tumepalilia.

Usiku Shangazi alinipakulia yeye, na senene wote waliobaki aliwaweka upande wangu wa sahani.

Jumapili, 20 Desemba

Maharage yanaanza kukauka. Rwegoshora ametuma salamu kwamba atakuja na Baba mwezi ujao kutazama mipaka.

Shangazi ameshuka nusu ya njia ya bondeni na kurudi. Pale kwenye nyumba ya kwanza hupita upande wa pili wa njia, na hutazama mbele. Nyirabahire huwa uani. Naye hutazama kazi yake. Mimi natembea kati yao na ndoo, najiona kama nguzo ya mgomba, kila mtu ananiegemea na hakuna anayeniuliza kitu.

Nilimwambia Shangazi kwamba hata akiweza kuteka nusu ndoo, siku atakayoanguka tena kwenye maharage atahitaji mtu wa kumsikia. Mimi sitakuwepo. Alisema anajua kuhesabu watu.

Jumatatu, 28 Desemba

Leo Shangazi alifika chemchemini. Nilijaza ndoo yake nusu. Tukapanda polepole, fimbo mkono wa kushoto, mimi nyuma yake. Kwenye nyumba ya kwanza hakuvuka upande wa pili. Aliingia uani.

Nyirabahire alitoka na ungo, akasimama. Walisalimiana kwa Kinyambo, salamu ndefu ya wazee, ya kuulizana ng'ombe na migomba na walio mbali. Tukakaribishwa ndani.

Nyirabahire alitoa kigoda. Shangazi akakikataa. Akashusha mwili wake taratibu kwenye nyasi, uso umekunjamana kwa maumivu, akanyoosha miguu yote miwili, mpaka visigino vikagusa ukuta wa pili. Nyumba ni nyembamba. Njia ikafungwa.

Nyirabahire alirudi kutoka jikoni na sahani ya senene wa kukausha. Akasimama mbele ya ile miguu. Akatafuta pa kupita kushoto, akatafuta kulia.

"Pita," alisema Shangazi.

"Nipitie wapi, dada?"

"Hapo juu. Hospitali wameutazama mguu huu kwa mashine, hawakukuona ndani."

Nyirabahire akainua kanga kidogo, akaruka. Akaweka sahani chini. Halafu akageuka, hakuna aliyemwambia, akaruka tena kurudi.

Shangazi alianza kucheka kwanza. Wakacheka mpaka wakashikana mikono, wakafuta macho, wakaanza kuzungumza kwa kupokezana haraka, habari za miaka mitatu, watu nisiowajua, mazishi na ndoa nisizozisikia. Nilikaa karibu na mlango. Nilikula senene wawili. Kisha nikachukua ndoo zote mbili nikapanda nazo nyumbani, na sidhani waliona nilipotoka. Nilikuwa na furaha kweli. Ila njia ilikuwa ndefu.

Jumamosi, 9 Januari 1988

Baba na Rwegoshora walifika asubuhi. Hawakumkuta Shangazi nyumbani. Walimwona akipanda kutoka bondeni na nusu ndoo kichwani, na Nyirabahire nyuma yake na nusu nyingine. Alipofika aliweka ndoo chini, akamsalimia Rwegoshora kwa mkono wa kulia, ulio mtupu sasa. Hakupiga magoti. Alimwambia, mbele ya watu, "Shemeji, magoti yangu ni mazima. Nyonga ndiyo haikunjiki. Ukitaka heshima yangu, kaa kwenye kiti tunywe pamoja."

Rwegoshora alitazama maharage yaliyoanikwa uani. Akakaa. Habari ya mipaka haikutajwa.

Baba akasema basi nifunge vitu vyangu.

Shangazi alinipa gauni la bluu. Ndilo pekee tulilokuwa hatujalifumua. Akachukua sindano alinyooshe pindo kwanza, nisichekwe. Nilimwomba aliache.

Jumanne, 12 Januari. Bugene

Mama amejifungua mvulana. Kitandani tumekuwa wanne tena, na mdogo wangu ananikanyaga mbavuni. Hakuna aliyeniuliza kuhusu Nyabiyonza, wana mtoto wa kutazama.

Leo nimevaa lile gauni kwenda kuchota maji. Jirani yetu alisema pindo langu limekatika. Nilimwambia halijakatika, Shangazi ndivyo alivyolishona. Upande wa kushoto upepo unaingia kidogo.